Mvua ya Sabini na Tano

Kwa miaka ishirini na miwili mwanamke huyu alikuwa tarishi wa ofisi ya baraza la mji, na kwa miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kumuuliza swali la maana. Alipeleka mafaili, alichemsha chai ya vikao, na kila siku saa tatu kamili asubuhi alikwenda nyuma ya jengo, karibu na tangi bovu, kupima mvua. Kazi hiyo ya tatu ndiyo iliyompa jina. Kuanzia mkurugenzi mpaka mlinzi wa geti, wote walimwita Mama Mvua, na mvua ikichelewa walimtania: "Mama Mvua, umetununia? Tumekukosea nini?" Naye aliwajibu kwamba mvua haipendi wavivu, ndiyo maana inaanzia vijijini.

Usidhani kipimo chenyewe ni mtambo wa ajabu. Ni silinda ya bati iliyochimbiwa ardhini. Juu yake kuna faneli, ndani yake kuna kopo refu la shaba, na ndani ya kopo kuna chupa. Mvua inaingia kwenye faneli inashuka chupani. Chupa ikijaa, maji yanafurika na kuangukia kwenye kopo, lisipotee hata tone. Asubuhi mpimaji anamimina maji kwenye bilauri yenye mistari, anasoma milimita, anaandika kwenye daftari. Kama yamefurika, anapima ya chupa, anapima ya kopo, anajumlisha. Mtoto wa darasa la tatu angeiweza.

Sasa, miaka kumi iliyopita, maji ya bomba yalikatika mtaani kwake wiki tatu mfululizo. Mumewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na mama mkwe wake alikuwa amelala humo ndani, hawezi hata kugeuka. Mgonjwa haogeshwi kwa maneno. Maji yalikuwa kwenye pipa, na kata ya kuyachotea ilikuwa imepasuka. Mama Mvua akalitazama lile kopo la shaba, refu, zito, lenye mdomo laini usiomkwaruza mtu. Ilikuwa kiangazi, jua linapasua mawe. Mvua ya nani hiyo ya kupima? Akalitia kwenye kapu akaondoka nalo Ijumaa, kwa nia safi kabisa ya kulirudisha Jumatatu. Jumatatu hiyo ikawa haifiki.

Mama mkwe akaogeshwa, akapata nafuu, akaishi miaka miwili zaidi ndipo akafa kifo cha uzee. Kopo likabaki bafuni. Msimu wa mvua ulipoanza, chupa ikafurika kwa mara ya kwanza, na kwa kuwa kopo halikuwepo, maji yakaangukia kwenye kitako cha silinda, ambacho kilikuwa kimeliwa na kutu zamani, yakanywewa na udongo. Asubuhi ile Mama Mvua aliinua faneli, akaona chupa imejaa mpaka shingoni na udongo umelowa. Alijua vizuri sana nini kilichopotea. Lakini chupa ikijaa huwa ni sabini na tano, basi akaandika sabini na tano. Alisubiri aulizwe. Hakuna aliyeuliza. Mara ya pili hakusubiri tena. Katika miaka kumi aliandika sabini na tano mara kumi na moja, na mkono ulishazoea.

Nani angejali? Madaftari yenyewe yalikaa kwenye kabati lililovunjika mguu, na yale ya kale yalikuwa yameshaliwa na mchwa.

Basi ikaja habari ya mabadiliko ya tabianchi. Si kwamba ilikuwa mpya. Watu walikuwa wakiizungumza redioni miaka nenda miaka rudi. Lakini safari hii baraza la mji liliamua kuwa na mpango wake lenyewe: miti kwenye miteremko, marufuku ya kujenga kando ya mto, na kubwa kuliko yote, mfereji wa mtaa wa bondeni, ambako kila msimu watu walikuwa wakitoa magodoro nje kuyaanika. Akaajiriwa injinia wa mazingira, mwanaume wa makamo mwenye miwani na sauti ya upole, na jambo la kwanza alilolifanya lilikuwa kufungua lile kabati.

Siku ya kikao cha kuupitisha mpango, Mama Mvua alikuwa akizunguka na birika. Injinia akasimama.

"Waheshimiwa, miji mingi inapanga kwa kubahatisha, haina takwimu. Sisi tunazo, za miaka kumi, bila kukosa hata siku moja. Na aliyefanya kazi hiyo ndiye huyo anayewamiminia chai."

Madiwani wakapiga makofi. Mama Mvua akainama kidogo, uso umemchangamka. Kusema kweli alifurahi. Nani asingefurahi?

"Tena takwimu zinatupa faraja," Injinia akaendelea. "Mvua kubwa kabisa ya siku moja ni milimita sabini na tano. Imefika hapo mara kumi na moja na haijavuka hata mara moja. Kwa hiyo mfereji wa upana wa mita moja na nusu unatosha kabisa. Mawe na saruji vimeshaanza kushushwa. Wiki mbili zijazo tunachimba."

Chai ikajaa kikombe, ikajaa kisahani, ikaanza kutambaa kwenye meza. Diwani aliyekuwa mbele yake akavuta karatasi zake akasema, "Mama Mvua, hicho nacho kimevuka kipimo." Watu wakacheka. Mama Mvua naye alicheka, lakini palepale alikuwa ameelewa alichokifanya.

Jioni hiyo alikwenda bondeni kwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, fundi cherehani aliyeishi kwenye vyumba viwili vilivyoungana, kimoja cha kulala, kimoja cha kazi. Alikwenda kwa sababu alitaka kuambiwa kwamba mambo si mabaya kama anavyofikiri. Mtu mwenye hofu huwa anatafuta mwongo wa kumliwaza, na hapo alikosea nyumba.

"Karibu, mheshimiwa," wifi yake alimpokea, sindano mdomoni. "Mtaa mzima unakutaja. Nimewaambia, mfereji huu umetoka kwenye mkono wa wifi yangu. Mwaka huu nitalala kitandani kama binadamu, maana nimechoka kulala juu ya meza ya kukatia kama kitambaa."

Fundi viatu wa jirani akapita, akaweka chini kiatu alichokishika, akampa Mama Mvua mkono kwa mikono miwili. Ana watoto sita yule, mdogo bado ananyonya. "Mungu akuweke, mama," alimwambia. Mama Mvua akaitikia amina, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

Kisha akautazama ukuta. Wifi yake alikuwa na tabia yake. Kila mafuriko yalipoingia alichukua chaki ya kukatia nguo akachora mstari maji yalipofika, akaandika tarehe kwa mwandiko wake wa kulala. Mama Mvua alikuwa ameiona mistari ile miaka yote bila kuisoma. Siku hiyo aliisoma mitatu. Mmoja ulikuwa kwenye kifundo cha mguu. Mwingine kwenye goti. Mmoja ulikuwa kifuani, juu kabisa ya cherehani. Na tarehe zote tatu alizijua, kwa sababu kwenye daftari lake zote tatu zilikuwa na namba moja.

"Huu wa kifuani," aliuliza, akijikaza, "ilikuwaje?"

"Ule? Ule, wifi yangu, ndio uliomchukua mbuzi wa fundi viatu na mlango wangu wa nyuma. Unakumbuka nilikuja kwako nikiwa nimevaa gauni la mteja?"

Alikumbuka. Alikumbuka pia kwamba asubuhi ya siku ileile aliandika sabini na tano, akanywa chai.

Siku zilizofuata hakula vizuri. Alibakiza miezi minane astaafu, na mtumishi anayefukuzwa kwa kuiba mali ya umma na kughushi takwimu anaondoka mikono mitupu, hilo alilijua kuliko kanuni ya sala, kwa kuwa barua za kufukuza watu alizipeleka mwenyewe. Akajiambia labda mvua kubwa haitakuja tena. Akajiambia injinia ni msomi, lazima ameongeza kidogo juu. Akajiambia yeye ni tarishi tu. Asubuhi moja akalisugua lile kopo kwa majivu, akalitia kwenye kapu, akalirudisha kipimoni kabla ofisi haijafunguliwa, akajisikia mwepesi kwa muda wa kutoka tangi bovu mpaka mlango wa jikoni. Hapo akakuta lori la mkandarasi likigeuza, limejaa mawe ya mfereji wa mita moja na nusu. Kopo lilikuwa limerudi. Ile miaka kumi haikurudi.

Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, lakini hapa kifo kisingemuumbua mwenye maradhi. Kingewaendea watu wengine. Hilo ndilo lililomshinda. Siku nne kabla ya uchimbaji kuanza, alibisha mlango wa Injinia akiwa hana birika wala faili.

"Karibu, mama. Kuna kikao?"

"Hakuna kikao, baba. Nimekuja kukuambia kwamba zile sabini na tano ni za uongo."

Akamweleza yote akiwa amesimama: bomba, pipa, mama mkwe, Ijumaa na Jumatatu. Injinia hakumkatiza. Alipomaliza, akaenda kufunga mlango, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu.

"Nani mwingine anajua?"

"Mungu, na sasa wewe."

"Mama, unaelewa nikilipeleka hili juu nini kitatokea? Kazi itasimama. Michoro itaanza upya, vibali upya. Mvua zinaanza baada ya miezi miwili. Msimu mzima utapita bondeni kukiwa hakuna mfereji wowote."

Mama Mvua hakuwa amelifikiria hilo. Alidhani akisema kweli, kweli itafanya kazi yake. Akakaa kwenye kiti cha wageni, kitu ambacho hakuwahi kukifanya kwenye ofisi ile.

"Basi uacheni mdogo," akasema kwa haraka. "Mdogo si bora kuliko hakuna?"

"Ndiyo balaa lenyewe." Injinia alizungumza polepole, naye uso umemsawijika. "Sasa hivi maji yanasambaa, yanapanda taratibu, watu wanayaona wanakimbia. Ukiweka mfereji, unayakusanya yote mahali pamoja. Ukiwa mdogo, kuta zitapasuka, na yatatoka kwa mpigo. Na watu watakuwa wamelala, kwa sababu sisi tumewaambia walale."

Nje mtu alikuwa akimwita Mama Mvua alete chai.

"Tatizo ni kwamba sina namba nyingine," Injinia akasema. "Nikisema hizi si kweli, wataniuliza kweli ni ipi, nami sina cha kuwaonyesha. Umepima peke yako miaka kumi."

"Si peke yangu," Mama Mvua akasema.

Mchana huohuo waliingia kwa wifi yake, Injinia na utepe wa kupimia na daftari jipya. Wifi alidhani wamekuja kumpongeza, akaanza kupangusa viti. Injinia akaenda moja kwa moja ukutani, akachuchumaa, akapima mstari wa kifundo, akapanda goti, akapanda kiuno, akafika kifuani. Kila tarehe aliilinganisha na daftari la zamani. Mistari ilikuwa kumi na moja. Hakuna hata tarehe moja iliyopishana.

"Wifi," Mama Mvua akasema, "ile kata ya bafuni."

"Ile ya shaba? Imefanya nini?"

Akamwambia. Wifi yake alimsikiliza huku ameshika mkasi wazi, kama aliyesahau alikuwa anakata nini.

"Yaani kata niliyomwogeshea mama yangu mzazi," akasema mwishowe, "ndiyo ilikuwa inatakiwa ikae ofisini kunisemea mimi?"

"Ndiyo."

"Na mimi huku nikichora ukutani kama mwehu, na wewe kule unaandika namba moja."

"Ndiyo, wifi."

Wifi akacheka, kicheko kifupi kibaya, halafu akafuta macho kwa kitambaa cha mteja. Hakumfukuza. Ingekuwa afadhali angemfukuza.

Injinia alikuwa bado anapiga hesabu kwa penseli. Aliporudia mara ya tatu akatoka nje, akatazama mteremko, akatazama mto, akarudi. Mvua ile ya mstari wa kifuani, alisema, haikupungua mia na thelathini. Mfereji ungehitaji kuwa mita tatu. Na mita tatu, kwa jinsi nyumba zilivyobanana, zingepita hapa walipokuwa wamesimama. Akauonyesha kwa mkono, kwa haya, upana wote wa chumba cha kazi, kuanzia mlangoni mpaka kwenye cherehani.

Mambo ya ofisini yalikwenda kama yanavyokwenda. Mkurugenzi alipiga meza. Diwani wa bondeni alisema hii ni hujuma, mwingine akasema ni ushirikina. Injinia akasimama mbele yao na picha za ukuta, akasema yeye hatasaini mchoro wa mita moja na nusu, wamtafute mwingine. Hawakumtafuta mwingine. Kazi ikasimamishwa, michoro ikaanza upya. Mama Mvua akapewa barua ya onyo kali, na suala la mafao yake likapelekwa kwenye kamati, ambayo haikusema lini itakaa. Lakini kupima mvua hawakumwondoa, kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kufanya kazi hiyo siku za Jumapili. Alipima. Hakuna mvua, akaandika sifuri, na kila sifuri akaiangalia mara mbili.

Bondeni yale mawe yalibaki yamerundikwa kando ya njia, watoto wakayafanya mlima wa kuchezea. Baadhi ya watu wakaacha kumsalimu. Fundi viatu alipomwona aliinamia kiatu chake, akagonga msumari ambao ulikuwa umeshaingia. Mama Mvua hakumlaumu. Yeye angekuwa fundi viatu angegonga kitu kingine.

Miezi miwili ikapita mbio. Asubuhi moja ya Jumamosi mawingu yalikuwa mazito upande wa milimani, upepo umetulia kabisa, na Mama Mvua alikuwa mlangoni pake akiyatazama, roho juu. Mkokoteni ukasimama. Juu yake kulikuwa na cherehani, meza ya kukatia na masanduku mawili, na nyuma yake alikuwa wifi yake akitweta.

"Leo wameweka vigingi," wifi akasema, bila hodi. "Chumba cha kazi kinabomolewa mwezi ujao. Umenibomolea, kwa hiyo utanilaza. Sogea nipite."

"Karibu, wifi."

"Sijasema nimekusamehe. Nimesema sogea."

Waliingiza vitu pamoja, wakaiweka cherehani chini ya dirisha. Wifi akakaa juu ya sanduku akaangalia mawingu kupitia mlangoni. Alikuwa na miaka kumi ya kuyajua mawingu yale.

"Mfereji utaisha lini?"

"Wanasema miezi mitano. Ukianza."

"Na hii mvua?"

"Hii haifiki kesho haijanyesha."

Wifi akaacha kuyatazama mawingu. Safari hii sauti yake haikuwa na mzaha.

"Mimi nina wifi. Nimepakia mkokoteni nimekuja. Fundi viatu hana wifi."

Mama Mvua alibaki ameshika mguu wa meza. Yale aliyokuwa akiyaogopa tangu siku ya chai kumwagika yalikuwa yamefika, na yalikuwa na watoto sita.

"Kamwambie aje," akasema. "Aje na magodoro."

"Atakataa. Ana hasira na wewe."

"Aje na hasira."

Wifi akainuka, akajifunga kanga kiunoni. Alipofika mlangoni akageuka. "Na yule bibi muuza mkaa? Miguu yake haimbebi."

"Naye."

"Na mwalimu wa chekechea, aliyejifungua juzi?"

"Naye."

"Na wale wapangaji wa nyumba ya pembeni, wale wanne?"

Matone ya kwanza yakaanza kugonga bati, machache, makubwa. Mama Mvua alikuwa ameshaanza kuisukuma meza ukutani ili kupata nafasi sakafuni.

"Nao," akasema. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili.